Watoto wa Karatasi: Mwandishi wa Katuni na Jina Lake

Muulize Mtanzania yeyote aliyekuwa akisoma magazeti katika miaka ya 1980 kama anamkumbuka Lodi Lofa, naye atacheka kabla hajakujibu. Mtajie Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge au Dokta Love Pimbi, atakusimulia kisa kizima kana kwamba anamsimulia jirani yake wa zamani aliyehama mtaa. Kisha muulize jambo moja zaidi: ni nani aliyewatunga? Hapo aghalabu kimya huingia. Watoto wanajulikana mji mzima, lakini baba yao hana ajuaye alikozikwa.

Sisi wa visiwani na mwambao tumelelewa katika desturi nyingine. Mshairi wetu akifika tamati huweka jina lake, na pengine jina la babaye na la mji wake, ili atakayeughani utungo ule baada ya miaka mia ajue umetoka kinywani mwa nani. Kwa hiyo huenda msomaji akastaajabu kwa nini ukurasa uliozoea kujadili vina na mizani leo unazungumzia katuni, jambo ambalo wengi wetu tumelihesabu kuwa ni mzaha wa watoto. Nakusudia kuonyesha kwamba mwandishi wa katuni ni ndugu wa mshairi kuliko tunavyodhani, kwamba maisha yake ya kila siku yana historia inayostahiki kuandikwa, na kwamba hasara aliyoipata si ya fedha peke yake.

Hadithi za picha si mgeni wa jana katika Kiswahili. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1950, Edward Gitau alikuwa akimchora Juha Kalulu, mtu mjinga mwenye bahati mbaya, na kwa zaidi ya nusu karne wasomaji wa Kiswahili walimfuata juha huyo gazetini. Jina lenyewe lina utani wake: katika Kinyanja, lugha izungumzwayo upande wa pili wa Ziwa Nyasa, kalulu ni sungura, yule yule mjanja wa ngano zetu zote, naye hapa amegeuzwa juha. Tanganyika ilipokwisha kuungana na Zanzibar na Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, gazeti la Uhuru lilimtoa Chakubanga, kazi ya Christian Gregory, naye akapendwa hata watu wengi wakawa wanaita katuni yoyote ile "chakubanga". Wakati huo huo Faraji Katalambulla, mtunzi wa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alikuwa akilisimamia jarida la Film Tanzania, lililosimulia visa kwa mfululizo wa picha za kamera na maneno yaliyobandikwa juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 likazaliwa jarida la Sani, lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na hapo ndipo katuni ya Kiswahili ilipopata nyumba yake wenyewe.

Zama zile ziliiandalia njia. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza mwaka 1977 ulizalisha mamilioni ya watu waliojua kusoma, lakini vitabu vya kuwasomesha havikuwapo vya kutosha. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliikausha hazina, fedha za kigeni zikawa adimu, na karatasi nayo ikawa adimu pamoja na sukari na sabuni. Katika hali hiyo nakala moja ya jarida haikuwa ya mtu mmoja. Ilinunuliwa Dar es Salaam, ikasomwa ndani ya basi hadi Iringa, ikaachwa kwa mwenye hoteli, ikachukuliwa na mwalimu aliyekuwa akirejea kituoni, na mwisho ikafika kijiji ambacho hakijapata kuuza gazeti. Asiyejua kusoma alionyeshwa picha na kusomewa maneno. Hakuna diwani ya mashairi iliyosafiri hivyo.

Katika kizazi hicho cha Sani jina linalotajwa kwanza ni la Philip Ndunguru. Yeye ndiye ambaye mara nyingi huhesabiwa kuwa mkono uliowapa sura wahusika wale tuliowataja mwanzo: Lodi Lofa, ambaye jina lake peke yake ni kichekesho, kwani ni bwana mkubwa na ni mtu asiye na kazi kwa pamoja, Ndumilakuwili, aliyepewa jina la nyoka asemwaye kuuma kuwili, Madenge, mtoto mtundu, na wenzao. Ndunguru alifariki dunia katikati ya miaka ya 1980 angali kijana. Wahusika wake hawakufa. Wachoraji wengine waliwapokea, wakaendelea kuwachora mwaka baada ya mwaka, hata wasomaji waliozaliwa baada ya msiba ule wakawajua kama walivyowajua wazazi wao.

Ndunguru ni jina la ukoo. Anayeijua Tanzania akilisikia hupeleka mawazo moja kwa moja kusini-magharibi, katika nchi ya Wamatengo, ambako kina Ndunguru, Kapinga, Komba, Nchimbi, Ndomba na Mbele wamejaa kama kina Juma na Khamisi huku kwetu. Ni nchi ya milima ya Mbinga, inayoteremka upande wa magharibi hadi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli. Ni nchi ya wasimulizi pia. Profesa Joseph Mbele, mzaliwa wa Litembo, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha St. Olaf huko Marekani, alizikusanya ngano za huko na kuzichapisha mwaka 1999 katika kitabu Matengo Folktales. Si ajabu basi kwamba jina lililotangulia katika hadithi za picha za Kiswahili likawa la watu wa milima ile ya ngano.

Ili tuyaelewe maisha ya mwandishi wa katuni wa kujitegemea, yaani asiyekuwa na mshahara wala meza ofisini, tumweke basi huko huko. Sisemi habari za mtu mmoja maalumu. Namchukua kuwa mfano, nikikusanya ndani yake yale yaliyokuwa ya kawaida kwa watu wa kazi hiyo, na namweka Kingerikiti kwa makusudi. Kingerikiti ni kata ya milimani katika Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mtu aliyetaka kuuza hadithi Dar es Salaam kutoka huko katika miaka ya 1980 alikuwa mbali sana na mnunuzi wake.

Siku yake haikuanza kwa kalamu. Ilianza kwa jembe. Wamatengo wana kilimo chao mashuhuri kiitwacho ngoro: majani hulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu ya majani yale, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na kingo. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuuporomosha mlima. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima mzima umegawanywa miraba kwa miraba. Huwezi kuutazama ukiwa na katuni mawazoni usione ukurasa. Mkulima hugawa mteremko ili maji yasikimbie, na mwandishi hugawa karatasi ili kisa kisimkimbie msomaji.

Baada ya shamba la mahindi na maharage kulikuwa na mibuni. Msimu wa kuchuma kahawa haukuwa na nafasi ya sanaa: kuchuma, kukoboa, kuosha, kuanika, kulinda na kupeleka kwenye chama cha ushirika. Kwa hiyo kazi ya kuandika ilingoja usiku, mbele ya kandili au koroboi, juu ya daftari la shule. Kwanza kisa huandikwa kwa maneno tu, kama hadithi fupi. Kisha hukatwa: mraba wa kwanza nani anaonekana, anasema nini, wa pili nini kimebadilika, hadi ukurasa uishe pale ambapo msomaji atataka kuufunua ufuatao. Aliyejua kuchora alichora mwenyewe, kwa penseli kwanza na wino mweusi baadaye, na makosa aliyakwangua kwa wembe taratibu, kwa kuwa karatasi nyeupe nzito haikupatikana kila duka. Asiyejua kuchora aliandika maelezo kando ya kila mraba na kumwachia mchoraji wa mjini. Huyu wa pili ndiye aliyesahauliwa zaidi, kwa sababu msomaji akiona picha humfikiria mchoraji, hamfikirii aliyewaza kisa.

Hapa ndipo mshairi atakapomtambua nduguye. Kiputo cha maneno katika katuni hakina huruma. Kiswahili chetu, chenye uwezo wa kufunga sentensi nzima ndani ya neno moja kama "hatutakukubalia", kinaweza kukijaza kiputo kwa neno hilo peke yake. Mwandishi hulazimika kuhesabu silabi kama anayehesabu mizani, nane huku na nane kule, na kulikataa neno zuri kwa sababu tu halikai. Tazama pia katuni fupi ya miraba minne, ile ya kila siku gazetini. Mraba wa kwanza hufungua jambo, wa pili hulisukuma, wa tatu hulipeleka kando kidogo, na wa nne hulitua kwa namna usiyoitarajia. Mtu aliyesoma tarbia hahitaji kuambiwa kwamba hapo pana mwanzo, mloto, mleo na kituo. Na kama ubeti ambao kituo chake ni dhaifu hauna maana hata mishororo mitatu ya juu iwe mizuri namna gani, ndivyo ilivyo kwa katuni. Mama zetu waliozoea kuchagua kanga kwa kuyapima maneno yake machache wangeielewa kazi hii bila mwalimu.

Kazi ikimalizika ilianza safari. Bahasha ilishuka hadi Mbinga mjini kwa miguu au kwa lori la mizigo, ikaenda Songea kwa barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza tope, ikapita Njombe na Makambako, na ndipo ikaelekea Dar es Salaam. Lami ya Makambako hadi Songea ilipatikana katikati ya miaka ya 1980. Ile ya Peramiho hadi Mbinga ilingoja muongo wa 2010, na ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuja baada yake. Aliyependelea maji aliteremka ziwani na kungoja meli, MV Songea au MV Iringa, impeleke bandari ya Itungi upande wa Kyela, na kutoka huko kwenda Mbeya kupanda treni ya TAZARA. Bahasha ilipewa kondakta wa basi au ilitiwa posta. Ikipotea, kazi ya mwezi imepotea, kwa kuwa kijijini hakukuwa na mashine ya kutoa nakala.

Kisha kungoja. Jibu lingeweza kuja baada ya miezi miwili, au lisije, na mwandishi akagundua kwamba hadithi yake ilipokewa pale tu alipoikuta imechapishwa katika nakala kuukuu iliyofika kijijini ikifungia maandazi. Malipo yalikuwa kwa ukurasa, si kwa idadi ya wasomaji, na yalikuja kwa hawala ya posta iliyopaswa kufuatwa mjini. Nauli ya kuifuata ilikula sehemu yake. Ndiyo maana mwandishi wa kujitegemea hakupata kuwa mwandishi tu. Aliandika vibao vya maduka, alichora ramani na mifupa ya mwili kwenye kuta za shule, aliandika barua za watu kwa lugha nzuri. Katika miaka ya 1990 magazeti binafsi yalipofunguliwa na mashirika yalipotaka vijitabu vya picha juu ya UKIMWI, maji safi na haki za raia, wengi wa kazi hii walipata kipato kizuri kwa mara ya kwanza, ila kwa kuandika mafunzo ya watu wengine badala ya visa vyao. Wengi pia walihama. Hakuna namna nyingine ya kueleza kwa nini karibu kila jina kubwa la fani hii limepitia Dar es Salaam: Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa huko mwaka 1969, akaanza kuuza katuni magazetini angali mwanafunzi na kuhamia Nairobi mwaka 1992, na James Gayo, baba wa Kingo. Katuni ya Kiswahili ikawa sanaa ya mji kwa sababu bahasha haikuaminika.

Sasa nirejee kwenye jina. Mtu atauliza: hasara iko wapi? Kama wahusika wa marehemu waliendelea kuchorwa, si ndio heshima aliyopewa? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Sungura wa ngano hana mwenyewe, Abunuwasi hana mwenyewe, na kila msimulizi huwavisha kanzu aliyoipenda. Laiti wahusika wale wangezikwa na mtungaji wao, tungekuwa maskini zaidi. Wala sisemi kwamba gazeti lolote lilimdhulumu mtu yeyote. Walioyaendesha magazeti yale katika miaka ya uhaba walifanya kazi ambayo wengi wangeikimbia.

Walakini kuna tofauti kati ya mhusika aliyezaliwa na umma na mhusika aliyezaliwa na mtu mmoja mezani pake usiku. Sheria yenyewe iliijua tofauti hiyo. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966. Mwaka 1999 ikatungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoanzisha COSOTA, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003 na kupata COSOZA. Sheria ya mwaka 1999 huilinda kazi katika uhai wote wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na zaidi ya haki ya kulipwa humpa haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Kilichokosekana katika maisha ya mwandishi wa kujitegemea ni karatasi. Alituma kisa bila mkataba, akalipwa bila mkataba, na hakuna aliyeandika kama alichouza kilikuwa ni kurasa sita za mwezi ule au mhusika mwenyewe na maisha yake yote yajayo. Pande zote mbili zilidhani mambo yanaeleweka. Mtunzi akiwa hai, hudai au huacha. Akifa kijana, wa kumdaia ni wazee waliokaa mbali milimani, ambao pengine walijua tu kwamba mtoto wao alikuwa "akichorachora".

Na ijapokuwa fedha ni muhimu, jina lina umuhimu wa namna nyingine kwetu sisi wapenzi wa utungo. Tunajua hasa maana ya kupoteza jina. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu kwa miongo mingi. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyeyakusanya na kuyafafanua, na William Taylor aliyeyahifadhi, hata Hichens akaweza kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, leo tungekuwa tunayanukuu kama methali zisizo na mwenyewe. Tungecheka kwa mafumbo yake kama tunavyocheka kwa Lodi Lofa, na tusingejua kwamba tunamcheka pamoja na mtu aliyeishi, aliyekuwa na mji, adui na njaa. Mashairi yasingepungua neno hata moja, lakini sisi tungepungua, kwa sababu tusingejua kwamba mtu wa kawaida wa mji wetu aliweza jambo kama lile.

Ndicho anachokikosa kijana wa Kingerikiti leo. Kalamu na simu anazo, na picha aichorayo jioni yaweza kumfikia mhariri kabla ya isha bila kondakta wala meli. Asichokuwa nacho ni ushahidi kwamba watu wenye majina kama lake waliwahi kuichekesha nchi nzima. Karatasi ya magazeti ya miaka ile ni dhaifu; huku kwetu chumvi ya bahari huila, na huko kwao mchwa huitangulia. Mwenye nakala za zamani ndani ya kasha asizigawe kufungia vitu. Azitazame pembeni mwa kila mraba wa mwisho, mahali wachoraji walipozoea kuweka sahihi zao ndogo, aziandike sahihi hizo pamoja na mwaka na jina la gazeti, na kama anamjua aliyewaza kisa alichochora mwingine, aliandike na jina hilo pia. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Wenzetu hawa hatukuwaua. Tuliwasoma tu, tukacheka, tukafunga ukurasa. Haki yao imebaki kwetu, nayo ni jina.